Barua kwa mwanangu: ukurasa wa nne

Mwanangu,

Umeniuliza kama makampuni yanayochangia kampeni ndiyo yanayowaandikia wagombea maneno ya kusema. Hilo sikuliona hata siku moja. Nilichokiona mimi ni maneno kupungua. Utacheka, maana mmekua mkinisikia: fedha haimpi mwanasiasa maneno, humpunguzia.

Unaikumbuka kazi yangu ya kuchapa hotuba za yule mzee. Ukurasa wa nne ulikuwa wangu. Niliuandika mwenyewe, habari za maji machafu ya kiwanda, na mikutano mitatu mfululizo alipoufikia watu walisimama. Kisha kiwanda kikachangia malori na mafuta ya kampeni. Hakuna aliyempigia simu kumkataza, naapa. Simu nilikuwa naipokea mimi. Mkutano uliofuata alimaliza ukurasa wa tatu, akalamba kidole, akafunua karatasi mbili kwa pamoja. Nami nyuma ya jukwaa nikadhani zimegandana. Mkutano wa baada ya huo zikagandana tena.

Huenda namwonea. Wapo wasemao kwamba wafadhili humtafuta mtu anayewaza kama wao tangu mwanzo, na mara nyingi ndivyo. Lakini huyu alikuwa anawaza kama mimi!

Sheria je? Marekani ilikataza makampuni kuwachangia wagombea wa ngazi ya taifa tangu 1907, na katazo lipo hadi leo. Ila mwaka 2010 Mahakama ya Juu yao, kwa kura 5 kwa 4, ikayaruhusu kutumia kiasi chochote kwa matangazo yao wenyewe, mradi yasipange pamoja na mgombea. Kana kwamba mgombea hana macho ya kuona nani kamlipia tangazo. Ufaransa iliifunga michango ya makampuni yote mwaka 1995, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Ingawa, bila kiwanda kile, malori tungeyapata wapi? Tungetembea. Au tungeshindwa, na ukurasa wangu usingesomwa na yeyote.

Fedha humpunguzia mtu maneno, nasema tena. Unataka nikuambie kama alinunuliwa, na neno lenyewe liko ulimini. Lakini mwaka aliposhinda ndiye aliyelipa ada yako ya shule, na kati yangu naye hakuna aliyeutaja tena ukurasa wa nne.

Mama yako