Kuunganisha iPod kwenye redio iliyokuja na gari

Mkuu, umesema redio yako ni ya CD tu, haina tundu la AUX (la kuchomeka waya wa sauti kutoka kifaa kingine), na hutaki kuing'oa uweke nyingine. Huna haja. Redio nyingi za aina hiyo zina soketi ya CD chenja (kisanduku cha kubadilisha CD kadhaa) kwa nyuma, na zipo adapta za kuchomeka hapo: redio inadhani imepata chenja, kumbe ni iPod yako kwenye waya wa milimita 3.5. Sauti yake ni safi kuliko ya vile vidude vya kurusha kwa FM, ambavyo stesheni yoyote yenye nguvu huviingilia. Adapta inunue kwa kufuata modeli ya redio, si ya gari tu, maana plagi hutofautiana.

Kabla hujagusa kitu, tafuta namba ya siri ya redio, ndipo ufungue waya hasi wa betri. Baadhi zikikosa umeme hujifunga, na hapo utaimba mwenyewe. Fremu ya plastiki inayozunguka redio ivute taratibu, klipu zake huvunjika upesi.

Ukisikia mvumo unaopanda kila ukikanyaga mafuta, chomoa chaja ya iPod. Ukikoma, tatizo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Weka kichujio cha mvumo kwenye waya wa sauti.