Timu ya kwanza kwa yadi inakosaje mtoano? Jibu liko kwenye vikosi maalumu

Mkuu uliyeuliza inawezekanaje timu ya futiboli ya Kimarekani iongoze ligi nzima kwa yadi, mbele na nyuma, halafu ikose mtoano: imeshatokea. San Diego Chargers, msimu wa 2010. Walikuwa wa kwanza NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kwa yadi walizopata na wa kwanza kwa uchache wa yadi walizoruhusu. Kwotabeki wao (mrushaji wa pasi), Philip Rivers, alirusha yadi 4,710, hakuna aliyemfikia mwaka huo. Wakamaliza na ushindi 9 na vipigo 7, kundi likachukuliwa na Kansas City kwa ushindi 10.

Chukua mechi tatu tu uone vikosi maalumu, yaani wachezaji wanaoingia uwanjani wakati wa mateke, walivyowaangusha. Ya kwanza, ugenini Kansas City, Dexter McCluster aliudaka mpira wa teke la kuondosha (timu iliyoshindwa kusonga yadi 10 kwa majaribio matatu humpigia mpinzani mpira mbali) akarudi nao yadi 94 hadi mwisho. Chargers walilala 21–14. Wiki ya 3 huko Seattle, Leon Washington wa Seattle alirudisha hadi mwisho mateke mawili ya kuanzisha (yanayopigwa kuanza mchezo au baada ya kufunga), moja yadi 101 na jingine 99, Chargers wakalala 27–20. Wiki ya 5 huko Oakland, mateke mawili ya kuondosha yalizuiwa ndani ya robo ya kwanza. Moja lilizaa alama 2, jingine tachdauni (alama 6, na 1 ya teke la nyongeza). Walifungwa 35–27, pengo la alama 8, wakati alama 9 zilitokana na yale mateke mawili.

Sasa angalia takwimu zinavyodanganya hapo. Yadi 94 za McCluster haziandikwi kwenye hesabu ya safu ya ulinzi, kwa sababu safu hiyo haikuwa uwanjani. Na mpinzani anayeuanza mpira kwenye yadi yako ya 30 (yadi 30 toka mstari wa goli lako) hawezi kupata zaidi ya yadi 30 hata akifunga. Kwa hiyo vikosi maalumu vikiwa vibovu, ulinzi unaonekana bora kuliko ulivyo: unafungwa kwa yadi chache. Ushambuliaji nao unarudishiwa mpira haraka na kujikusanyia yadi zaidi. Ndiyo maana mimi huwa siangalii cheo cha yadi kabla ya kuangalia kila timu ilianzia wapi.

Thamani ya mahali mpira ulipo uwanjani ilipimwa zamani. Mwaka 1971 Virgil Carter, aliyekuwa kwotabeki wa Cincinnati Bengals, pamoja na Robert Machol walichapisha hesabu ya mechi za msimu wa 1969. Ukiwa na jaribio la kwanza karibu na yadi yako ya 5, mpira una thamani ya alama hasi 1.25, maana yake anayetarajiwa kufunga kabla ya mwingine ni mpinzani wako, ingawa mpira unao wewe. Kwenye yadi yako ya 25 ni 0.24. Kwenye yadi ya 45 ya mpinzani ni 2.39, na kwenye yadi yake ya 5 ni 6.04. Siku hizi pasi zimeimarika na namba zimebadilika, lakini mteremko ni uleule: kila yadi 10 ni karibu theluthi mbili ya alama au zaidi. Mpira ukibadilishwa kwa mateke mara kumi na timu yako ikapoteza yadi 8 kila mara, umeshatoa zaidi ya alama 5 bila mtu kushangilia wala kuzomea.

Tuje kwenye teke la kuondosha lenyewe, lile la jaribio la nne, maana hapo ndipo Chargers walipoumia zaidi. Mpigaji husimama yadi 15 nyuma ya mtoaji. Mtoaji, anayeutupa mpira kupitia katikati ya miguu yake, ana takriban sekunde 0.75 kuufikisha. Mpigaji anaudaka, anapiga hatua mbili, anaupiga. Jumla isizidi sekunde 2.1. Ikifika 2.3, mzuiaji mwenye kasi, yaani mpinzani anayekuja kulizuia teke, ameshafika. Kumbuka mzuiaji hamlengi mpigaji. Analenga mahali mguu utakapokutana na mpira, yadi tano hivi mbele ya mpigaji alipokuwa amesimama. Akikimbilia mwili anachelewa, au anamgonga na kupewa adhabu.

Mpira wa mtoaji unatakiwa ufike kwenye nyonga ya mguu wa kupigia. Ukifika gotini, mpigaji anainama, hatua zinavurugika, na sekunde 0.2 imeondoka. Chargers walikuwa na David Binn kwenye kazi hiyo tangu 1994. Aliumia mechi ya kwanza ya 2010, na baada yake watoaji wakawa wanabadilishwa. Kassim Osgood, mkabaji wao hodari kwenye mateke, alikuwa ameshahamia Jacksonville kabla ya msimu. Majeruhi wa safu nyingine walipoongezeka, wachezaji wa akiba waliozoea kazi ya vikosi maalumu wakapandishwa kuanza, na nafasi zao zikajazwa na watu walioingizwa wiki hiyohiyo. Mpigaji, Mike Scifres, alikuwa na mguu uleule. Waliobadilika ni watu waliosimama mbele yake.

Kosa la watu hao mara nyingi ni moja. Kanuni ya kumlinda mpigaji ni kufunga upande wa ndani kwanza, kwa kuwa njia ya katikati ndiyo fupi. Anayepita nje anazunguka na anachelewa. Mlinzi mgeni anaona mtu akija kwa kasi nje yake, anageuza mabega kumfuata, na mlango wa ndani unabaki wazi. Anatakiwa arudi nyuma hatua tatu fupi, mabega yakitazama mbele, amguse wa ndani kwa mkono kabla ya kuhangaika na wa nje. Kosa la pili ni la yule mlinzi wa mwisho aliye karibu na mpigaji: akirudi nyuma kumpokea mzuiaji, mpira unampiga mgongoni. Anatakiwa asonge mbele kumkuta.

Mpira ukishaondoka, kazi inahamia kwa wakabaji, wanaokimbia kumkamata mpokeaji. Kwenye NFL ni mawinga wawili tu, wa mwisho kila upande, wanaoruhusiwa kuondoka kabla ya mguu kugusa mpira, wengine wanasubiri. Ndiyo maana muda wa hewani una thamani kuliko umbali. Teke la yadi 45 lililokaa hewani sekunde 4.5 humlazimisha mpokeaji kupunga mkono (ishara kwamba hatakimbia, na asiguswe) na kudaka tu: faida yadi 45. Teke la yadi 55 lenye sekunde 3.9 linawatangulia wakabaji, mpokeaji anapata yadi 15 za bure kabla ya kuguswa, unabaki na 40. Na akipata uchochoro, unabaki na hadithi ya McCluster. Uchochoro hutokea wakabaji wawili wanapokimbilia njia moja. Kila mmoja abaki kwenye mstari wake hadi mpokeaji achague upande, na yule wa nje kabisa asikubali kupitwa nje hata kama hatamgusa mtu.

Mateke ya kuanzisha yamebadilika sana tangu 2024. Mpira unapigwa toka yadi ya 35, lakini wakabaji 10 wanasimama ng’ambo, kwenye yadi ya 40 ya wapokeaji, na hawatikisiki hadi mpira utue au udakwe. Tangu 2025 ukiingia hewani moja kwa moja eneo la goli (nyuma ya mstari wa goli) na kutulizwa pale, wapokeaji wanaanza kwenye yadi ya 35, ambayo ni zawadi kubwa. Ukitua ndani ya yadi ya 20 kisha ukaviringika hadi humo, wanaanza kwenye ya 20. Wapigaji sasa wanatafuta mpira wa chini unaodunda ovyo.

Tukirudi kwenye teke la kuondosha, ukilipiga kutoka katikati ya uwanja kazi ni nyingine, kuufanya mpira ufie karibu na mstari wa goli bila kuuvuka. Ukivuka unarudishwa yadi ya 20. Darren Bennett, Mwaustralia aliyechezea Chargers, ndiye aliyesaidia kulizoesha NFL teke la kwao: mpira unashikwa wima, unapigwa ncha ya chini, unazunguka kichwa kwa mkia, na ukidunda hurudi nyuma badala ya kukimbia mbele.

Scifres alimrithi Bennett. Januari 2009, kwenye mtoano dhidi ya Indianapolis Colts, alipiga mara 6, wastani karibu yadi 53, na mipira yote 6 iliishia ndani ya yadi ya 20. Mwishoni mwa robo ya nne Colts wakiongoza 17–14, teke lake liliwaacha kwenye yadi ya 1. Peyton Manning, kwotabeki wa Colts, alihitaji kusonga yadi 10 tu na kupata majaribio mapya ili kuumaliza muda. Jaribio la tatu aliangushwa, Colts wakapiga wakiwa ndani ya eneo lao la goli, Darren Sproles wa Chargers akaurudisha hadi kwenye yadi yao ya 38. Nate Kaeding akasawazisha kwa teke la yadi 26 zikiwa zimebaki sekunde 31, na Sproles akamaliza kwenye muda wa ziada, 23–17.