Kabla Hujahamia Viungani, Hesabu Mabegi ya Shule

Mimi sikuhamia viungani kwa maneno ya dalali peke yake. Nilikesha siku tatu nikisoma takwimu za sensa za eneo lile, maana ni mtu wa kujidai najua hesabu. Umri wa katikati wa wakazi: miaka 38. Na mimi nilikuwa na 38. Nikamwambia mke wangu, "Hapa ni rika letu tupu." Tukafungasha, binti yetu wa miaka mitano kakumbatia mpira wake.

Wiki ya kwanza alicheza na ukuta. Wiki ya pili, ukuta. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee mstaafu aliyefagia uwanja wake alfajiri, kisha akaufagia tena saa nne ukiwa hauna hata jani. Nyumba ya kulia, mzee mwingine na mkewe. Kushoto, bibi mjane aliyewapangisha wanafunzi wa chuo vyumba vya uani. Mtoto wa kucheza na binti yangu hakuonekana mpaka mwezi wa tatu, naye alikuwa mjukuu wa watu, kaja likizo.

Takwimu hazikudanganya, nilijidanganya mwenyewe. Umri wa katikati hupatikana kwa kuwapanga watu wote foleni kutoka mdogo hadi mkubwa, kisha kumuuliza aliyesimama katikati ana miaka mingapi. Chukua watu 11: watano wana miaka 22, watano wana 67, mmoja ana 38. Jibu ni 38, na mwenye miaka hiyo hana hata mwenzake mmoja. Mtaani kwetu, huyo mmoja nilikuwa mimi.

Kwa hiyo usiridhike na namba moja. Tafuta piramidi ya umri: ule mchoro wa pau zilizolala, wanaume upande huu na wanawake upande ule, umri ukipanda kwa miaka mitano mitano. Tazama umbo lake. Wa kwetu, nilipoufungua kwa kuchelewa, ulikuwa mpana kwenye miaka ya ishirini, ukabanwa kiuno kama nyigu kwenye thelathini na arobaini, ukatanuka tena kwenye sitini. Chini kabisa, kwa watoto, palikuwa pembamba. Kila kitu kilikuwa pale.

Umbo hilo halitoki hewani. Viunga vingi hujengwa kwa mkupuo, nyumba za aina moja kwa bei moja, basi huvutia watu wa hali moja kwa wakati mmoja. Wanaingia pamoja wakiwa na watoto wachanga, wanazeeka pamoja. Mfano unaotajwa sana ni Levittown, nje ya jiji la New York: ujenzi ulianza 1947, na hadi 1951 zilikuwa zimesimama nyumba zaidi ya 17,000, nyingi zikichukuliwa na familia za askari waliorudi kutoka vitani. Masharti ya pale yaliwazuia watu weusi kuishi humo. Nakumbusha hili kwa sababu watu husema "mtaa ule una watu wa aina fulani" kana kwamba waliota kama uyoga. Bei, mikopo na masharti ndivyo vilivyowachuja. Ukitaka kuelewa wakazi wa leo, uliza nyumba zilijengwa mwaka gani na nani aliruhusiwa kununua.

Namba nyingine nazipitia haraka. Wastani wa watu katika kaya: nyumba tano zenye watu wawili wawili na nyumba tano zenye sita sita zinatoa wastani wa wanne, na hakuna hata nyumba moja yenye wanne. Kipato ni hivyo hivyo. Tajiri mmoja akijenga kilimani, wastani unapanda na mfuko wako uko pale pale. Hapo ndipo kile cha katikati kinasema ukweli zaidi. Uwiano wa utegemezi nao hunichekesha. Unahesabu walio chini ya miaka 15 na waliofika 65 kwa kila watu 100 waliobaki, hivyo mwanafunzi wa uani mwenye miaka 22 anahesabiwa nguvukazi, na fundi wa miaka 66 anayewalisha wajukuu wanne anahesabiwa mzigo.

Lililomchosha zaidi mke wangu halikuwa kwenye jedwali lolote nililolisoma. Sensa kwa kawaida humhesabu mtu mahali anapolala au anapoishi, haimfuati anakoshinda. Viunga hujaa usiku na kumwagika asubuhi. Yeye alikuwa nyumbani mwaka ule, na kufika saa tatu mtaa umebaki na ndege, fagio la mzee, na yeye. Mimi nilirudi jioni nikakuta taa zinawaka kila dirisha, nikasema pamechangamka. Tuligombana kwa hilo, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza, namwambia aende mara mbili. Jumamosi usiende, Jumamosi kila mtaa hupendeza. Nenda siku ya kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usimame kituoni uhesabu mabegi ya shule. Rudi saa nne uone nani kabaki. Ukipata nafasi, uliza shule ya karibu darasa la kwanza lina watoto wangapi na la mwisho lina wangapi. La kwanza likiwa dogo zaidi, umepata jibu. Na angalia mwaka wa takwimu zenyewe. Nchi nyingi hufanya sensa kila baada ya miaka 10, na kwenye viunga miaka 10 yatosha shamba kuwa mtaa. Angalia pia mipaka, maana namba za kata nzima huchanganya mji wa zamani na nyumba za jana.

Sisi hatukuhama. Juzi nyumba ya yule bibi mjane iliuzwa, na lori likashusha baiskeli tatu za watoto. Binti yangu, mwenye miaka 12 sasa, alizitazama dirishani kidogo, akarudi kwenye simu yake.