Je, mke anayemkatalia mume mwenye maradhi analaaniwa?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, hukaa kambini giza lote, hurudi nyumbani mbalamwezi. Nimetibiwa kisonono mara mbili. Yeye hajameza hata kidonge, anasema haumwi. Nachoma sindano ya uzazi wa mpango na jirani ananiambia inatosha. Nikimwomba avae kondomu ananisomea hadithi ya malaika kumlaani mke mpaka asubuhi. Nifanyeje? Mama wa watoto wanne, Ujiji.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na pole sana. Hadithi hiyo ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim. Lakini inamhusu mke anayekataa bila udhuru. Mwenye hedhi hukataa tendo lenyewe, mgonjwa aliyezidiwa hukataa, nao wana udhuru. Iweje alaaniwe anayekimbia maradhi? Mtume (s.a.w.) huyohuyo amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwachanganya na ngamia wazima wa mwenzake, nayo imo humohumo kwa Bukhari na Muslim. Ngamia akingwe, mke asikingwe? Na amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Hizo mbona mumeo hazisomi?

Wapo pia wanaopaza sauti mimbarini kwamba kondomu ni ya wazinifu. Nawauliza: Jabir, sahaba wa Mtume, aliposema, "Tulikuwa tukimwaga nje na Qur'ani inateremka," alikuwa akisimulia wazinifu? Wale walikwepa mimba tu na hawakukatazwa. Wewe unakwepa ugonjwa. Kilicho haramu ni zinaa. Mpira baina ya mke na mume hauna dhambi, na katika hali yako una haki ya kuushikilia mpaka nyote mpone.

Jirani yako hana nia mbaya, ila anakupotosha. Sindano ya miezi mitatu huzuia mimba, basi. Haizuii kisonono, kaswende wala virusi vya Ukimwi. Vijiti na vidonge navyo ni vivyo hivyo. Kisonono kisipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi, nawe huenda usisikie maumivu yoyote.

Sasa mwanangu, usianze kwa kumwita mzinzi. Huna ushahidi, na kutuhumu ni jambo zito. Tena mtu aweza kuwa na kisonono bila dalili: kama hakutibiwa mara ya kwanza, huenda amekurudishia kilekile. Mngoje mbalamwezi akishapumzika, mchana, watoto wakiwa madrasa, umwambie twende zahanati wote wawili, tupime na Ukimwi na kaswende. Mtibiwe pamoja, na msikutane mpaka mganga awaambie tayari. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kukisia.

Akikataa dawa na kondomu pia, usinyamaze. Ita mzee mmoja wa kwenu na mmoja wa kwao, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 35. Wakishindwa, peleka shauri kwa kadhi. Madhara ya namna hii yanasikilizwa, na wanazuoni wa Kimaliki wameruhusu mke kutenganishwa na mume kwa ajili yake. Mumeo akitaka kubishana, aje kwangu baada ya Alasiri.