Kitambulisho cha picha kinachomuumbua anayekichakachua

Kitambulisho kilichotengenezwa kwa kubandika picha ndogo juu ya kadi na kuifunika kwa plastiki kina mshono, na mshono huo ndio mlango wa mghushi. Hana haja ya kugusa jina wala namba. Akifika kwenye ukingo wa picha, kazi yake imekwisha. Kuongeza gundi humchelewesha tu. Hata muhuri wa wino uliopigwa nusu juu ya picha na nusu juu ya kadi ni kinga dhaifu, kwa sababu wino umekaa juu ya picha, haumo ndani yake.

Dawa ni kuuondoa mshono wenyewe. Uso, jina, namba, sahihi na muhuri viwe picha moja, ndani ya tabaka moja la jelatini (utando unaobeba picha kwenye karatasi), vitokeze pamoja kwenye beseni moja la dawa. Vifaa ni vya chumba cha giza cha kawaida: kamera ya filamu ya milimita 35, mashine ya kukuzia picha, karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, na mashine ya laminesheni, yaani ya kuifunika kadi kwa plastiki. Njia hii inazifaa taasisi zinazotoa kadi zao zenyewe, mia kadhaa kwa mwaka, kwa wafanyakazi, wanafunzi au wanachama.

Anza na vipimo, maana vyote vingine vinavifuata. Kadi ya kawaida ya mfukoni, aina ya ID-1 katika kiwango cha ISO/IEC 7810, ina upana wa milimita 85.60 na kimo cha milimita 53.98. Picha ya ndani lazima iwe ndogo zaidi, ili plastiki ya juu na ya chini zishikane zenyewe pande zote kwa milimita 3. Kwa hiyo picha ni milimita 79 kwa 48. Wanaotamani picha kubwa hupunguza ukingo huo hadi milimita 1, na kadi huanza kufunguka pembeni yenyewe kabla hata mtu hajaijaribu.

Sasa upigaji. Badala ya kupiga uso peke yake na kuyaongeza maandishi baadaye, weka ubao wa maelezo kando ya shavu la mhusika, kwenye stendi, uwe sawa na macho yake kwa umbali kutoka kwenye kamera. Uso na ubao vinaingia kwenye fremu moja ya filamu. Ukipiga eneo lenye upana wa sentimita 60, kila kitu kitapungua mara 7.6 hivi kwenye picha ya mwisho. Herufi unayotaka isomeke kwa kimo cha milimita 2 iandikwe kwa milimita 15 ubaoni. Sahihi iwekwe na mhusika mwenyewe, papo hapo, kwa kalamu yenye ncha ya milimita 2, nayo itatoka na mstari wa robo milimita. Kichwa chenye urefu wa sentimita 23 kitatoka na milimita 30, zinazotosha kabisa kumtambua mtu.

Lenzi ya milimita 85 hadi 100 itakuweka umbali wa mita moja na nusu hadi mbili. Punguza tundu la lenzi hadi f/8 ili pua, macho na ubao vyote vikae wazi. Taa ziwe mbili, moja kila upande, kwa pembe ya digrii 45. Ubao usiwe mweupe pe, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ubao mweupe ukikaa karibu na ngozi nyeusi, kipimamwanga cha kamera hudanganyika, uso unazama gizani. Na ukiurekebisha uso, ubao unaungua na sahihi inamezwa na weupe. Tumia ubao wa kijivu hafifu, ukuta wa nyuma nao uwe wa kijivu, kisha pima mwanga kwenye kadi ya kijivu iliyoshikwa mbele ya uso. Kijivu hicho kina kazi ya pili. Mahali peupe mtu anaweza kukwangua neno na kuacha weupe uleule. Penye kijivu, mkwaruzo wowote unaacha kidonda.

Mpaka hapa una negativu, picha ya kwenye filamu yenye giza na mwanga vilivyogeuzwa, inayomfunga mtu na jina lake. Hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu mwenye kamera anaweza kuigiza mpangilio huo. Kinachobaki mikononi mwako peke yako ni filamu ya mistari.

Hii ni filamu yenye kontrasti kali, yaani inayotoa weusi na weupe tu, ile ya wachapaji, iliyochorwa mistari myembamba ya mawimbi pamoja na muhuri wa taasisi. Mistari iwe myeusi juu ya filamu angavu, yenye unene wa milimita 0.1 hivi. Chumbani gizani unailaza juu ya karatasi ya picha, emulsheni ya filamu (upande wenye tabaka la picha) ikitazamana na emulsheni ya karatasi, unaikandamiza kwa kioo safi, kisha unamulika negativu kupitia humo. Popote penye mstari mweusi mwanga unazuiwa, na kwenye picha panabaki ufito mweupe. Fito hizo zinapita juu ya nguo, nywele, kijivu cha nyuma na ubao wa jina bila kukatika, na kila mojawapo ni sehemu ya picha yenyewe. Atakayepachika uso mwingine itabidi aunganishe makumi ya mistari kwenye ncha zake, na jicho la binadamu ni kali mno kwa mstari uliovunjika.

Panga filamu hiyo kwa uangalifu. Usipitishe mistari kwenye macho, pua na mdomo. Muhuri uangukie begani, nusu kwenye nguo na nusu kwenye ubao, maana mistari myeupe huonekana vizuri penye giza na hupotea penye mwanga. Ukiitazama filamu kutoka juu, emulsheni ikiwa chini, maneno ya muhuri yasomeke sawasawa. Yakisomeka kinyume, filamu ilitengenezwa upande usiofaa, na ukiigeuza tu, unene wake utaingia kati ya mistari na karatasi, na mistari itavimba na kufifia. Mistari ikiwa mikali upande mmoja wa picha na ukungu upande mwingine, kosa ni la kioo: hakikandamizi sawasawa. Toboa filamu matundu mawili yanayoingia kwenye pini mbili za ubao wa kupangia ili ikae palepale kila mara.

Kwa karatasi, sisi tunapendelea ile ya nyuzi yenye uso usiong'aa kuliko ile iliyopakwa plastiki. Ya plastiki ni rahisi kuisafisha na haijikunji, lakini gundi ya laminesheni hukaa juu ya plastiki yake bila kupenya. Kwenye karatasi ya nyuzi, gundi inayoyeyuka huingia katika nyuzi za nyuma, na anayejaribu kuifungua anachana karatasi vipande. Huo ndio uharibifu tunaoutaka. Kadi ngumu kufungua ni nzuri, ila kadi isiyofunguka bila kufa ni bora zaidi.

Usafishaji wa karatasi ya nyuzi, dawa zikiwa na nyuzijoto 20 za Selsiasi, ni huu: dawa ya kutokeza picha dakika 2, asidi hafifu ya kusimamisha nusu dakika, kisha fiksa (dawa ya kuifanya picha isibadilishwe tena na mwanga) ya amonia thiosalfeti iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 4, dakika 1 huku ukiitikisa. Chagua fiksa isiyo na dawa ya kukaza jelatini, kwa sababu hiyo huzuia hatua inayofuata isiende sawa. Suuza kidogo, tumbukiza kwenye maji yenye sodiamu salfaiti gramu 20 kwa lita kwa dakika 10, halafu osha kwa maji yanayopita, nusu saa au zaidi. Usikate muda wa kuosha. Mabaki ya fiksa yaliyofungiwa ndani ya plastiki hayana pa kwenda. Yataigeuza picha kuwa ya manjano na kuifuta polepole, na mwenye kadi halali ataonekana kama mghushi.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nasi tunaihesabu kuwa ya thamani kuliko zote baada ya mistari: kuibadilisha picha kuwa ya kahawia. Picha nyeusi ni madini ya fedha, na fedha hufutika kwa dawa za kupunguza weusi zinazojulikana na kila fundi wa chumba cha giza. Ukiigeuza kuwa fedha salfaidi, dawa hizo hazifui dafu. Zaidi ya hapo, rangi ya kahawia inakuwa kipimo: kipande cha picha nyeusi kilichopachikwa kitajitangaza chenyewe.

Loweka picha iliyooshwa kwenye maji yenye gramu 20 za potasiamu ferisianidi na gramu 20 za potasiamu bromidi kwa lita, mpaka weusi wote ufifie na kubaki kivuli cha manjano. Osha hadi manjano ya dawa yatoke, kisha tia kwenye sodiamu salfaidi, gramu 5 kwa lita. Picha inarudi ndani ya dakika moja hivi, sasa ya kahawia. Kama sehemu angavu zimeliwa na hazirudi, picha haikuoshwa vizuri: fiksa iliyobaki ikikutana na ferisianidi inaifuta picha kabisa. Vidoadoa vya buluu vinatoka kwenye kutu ya beseni au ya bomba. Kwa kuwa rangi ya kahawia hupunguza ukolevu wa picha kidogo, chapisha nyeusi kidogo kuliko kawaida.

Sodiamu salfaidi hutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Gesi hiyo ni sumu, tena inaharibu karatasi ambazo hazijatumika. Ifanye kazi hii nje ya chumba cha giza, penye hewa ya kutosha, ukiwa na glavu, na asidi ikae mbali kabisa na dawa zote mbili, ferisianidi na salfaidi.

Picha yenye kidoa cha vumbi usiirekebishe kwa kalamu wala brashi. Rekebisho lako na la mghushi hayana tofauti mbele ya mkaguzi. Ichane, uchapishe nyingine.

Ikikauka, iache saa 24 kabla ya laminesheni, kwa sababu unyevu uliobaki kwenye jelatini hugeuka mvuke na kutengeneza malengelenge. Wakati huohuo toboa matundu 4 hadi 6 ya milimita 2 kati ya uso na maandishi na karibu na mabega, na ukate mapengo madogo kwenye kingo za karatasi. Plastiki ya juu na ya chini zitakutana kupitia matundu hayo na kushikana. Ukiwa na kifaa cha kutobolea namba kwa sindano, pitisha namba ya kadi hapohapo. Plastiki yenye maikroni 175 hadi 250 kila upande inafaa, kwa joto lililoandikwa na mtengenezaji wake, mara nyingi kati ya nyuzijoto 110 na 130. Kadi ikitoka, iweke chini ya uzito mpaka ipoe, ndipo uikate.

Katika kila fungu toa kadi moja ya majaribio, ingoje siku moja, kisha jaribu kuifungua ikiwa baridi na ikiwa moto. Plastiki ikibanduka na kuiacha picha nzima, fungu lote lirudiwe: joto lilikuwa dogo au karatasi ilikuwa na unyevu.

Maduka ya picha ya kidijitali huchapa kadi nzima kwa leza juu ya karatasi ya picha za rangi, na hapo pia hakuna mshono. Faili la picha la nukta 300 kwa inchi litakuwa na pikseli 1011 kwa 638 kwa kadi nzima. Tatizo ni faili lenyewe. Aliye nalo anayo kadi, na rangi zake haziwezi kugeuzwa salfaidi. Ukilazimika kupita njia hiyo, namba ya kutobolewa kwa sindano isikosekane.

Mlinzi wa mlangoni afundishwe mambo machache: kupitisha ukucha juu ya uso kutafuta ukingo ulioinuka, kufuata mstari mmoja mweupe kutoka begani hadi kwenye jina, na kutazama kama kahawia ni ileile kila mahali. Akiwa na shaka, atumie lenzi ya mara 10 na taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Karatasi nyingi za picha zina kemikali inayong'aa buluu chini ya taa hiyo, na karatasi mbili tofauti ni nadra kung'aa sawa.

Filamu ya mistari ifungiwe kabatini, na kila inapotoka isainiwe. Picha zilizoharibika zihesabiwe na kuchanwa siku ileile. Negativu zipangwe kwa namba ya kadi, mahali tofauti na daftari la majina, kwa sababu kadi ikibishaniwa, negativu ndiyo itakayoonyesha ni uso gani uliokaa kando ya ubao ule siku sahihi ilipowekwa.