Misekwoya ya pwani hunywa ukungu

Umeuliza misekwoya, ile miti mirefu sana ya pwani ya California, inaishije wakati kiangazi karibu chote mvua hainyeshi. Jibu kubwa ni ukungu. Maji ya Pasifiki upande ule ni baridi, hivyo hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu, nao upepo huusukuma nchi kavu. Ukishanasa majanini, matone hudondoka na kulowesha udongo, na mengine hufyonzwa na majani yenyewe. Hilo la pili ndilo linalonishangaza zaidi, maana mti unaoweza kupita mita 100 una kazi ngumu kupandisha maji hadi kileleni, tena mizizi yake haiendi chini sana, hutambaa tu kwa upana.

Ukifika huko, usitazame juu tu. Kivulini kuna mmea mdogo wa jamii ya oksalisi, majani matatu-matatu yenye umbo la moyo. Jua likiupiga, huyakunja kama mwavuli ndani ya dakika chache. Ila kuna kichaka kingine chenye majani matatu-matatu yanayong'aa, kiitwacho poison oak kwa Kiingereza; hicho usikiguse kabisa, mafuta yake huwasha ngozi vibaya.