Ujuzi ninao, cheti sina. Nihame Dar?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha ya grili, nipo Gerezani mwaka wa 12 sa hivi, nilijifunzia hapohapo kijiweni baada ya darasa la saba. Naishi Chanika manake huku ndo kodi naiweza, saa kumi alfajiri nishafika kituoni. Kuna jamaa yangu mi ndo nilimfundisha kushika mashine, afu akaenda kusoma chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, leo yuko Tanga kwenye mradi wa bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda. Inaniuma kwa kweli. Nihame nimfuate?
Fundi, Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame kwanza, utaenda kukaa tu kwa watu.

Hapo Gerezani jina lako ndo cheti, mteja anakuja sababu aliona geti ulilomfungia shemeji yake mpaka leo halijalegea, na maduka ya vyuma yapo hapohapo, muuzaji anakukopesha paipu jioni unalipa. Ndo maana unalala Chanika ila riziki lazima uifuate mjini kila siku, ujuzi wako uko palepale wanapokujua. Sasa Chongoleani, huko Tanga bomba linapoishia, nani anakujua? Kule mtu hasikilizi habari za shemeji, anataka karatasi, afu unapewa vipande viwili vya bomba uviunge, wanapima mpaka ndani ya chuma kama kuna tundu. Na kuunga bomba sio sawa na grili, hilo nakwambia mapema usije ukavunjika moyo.

Angalia watumishi wa serikali, tangu 2016 ilipotangazwa serikali inahamia Dodoma wengi wamehama na mishahara yao ikawafuata, fundi aliyekuwa anawatengenezea madirisha kabaki hapahapa akitafuta wateja wapya.

Ila husomi upya miaka yote mwanangu! VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi kwa mafundi kama wewe waliojifunzia kazini, wanakupima kwa vitendo, palipo na pengo wanakufundisha, unapewa cheti chako. Siku ambayo huna oda nenda Chang'ombe kaulizie, beba picha za kazi zako kwenye simu. Na huyo jamaa mpigie bila kinyongo, muulize siku ya kwanza alipimwaje, ulimfundisha bure na yeye akufundishe hilo.